Modeli Namba Tatu

Wakazi wa Roșiori, wa maghorofani na wa nyumba zenye bustani, wenye chunusi na waliojaliwa ngozi laini, wenye nyusi na waliozinyoa kwa bahati mbaya, mnatangaziwa rasmi kwamba Bibi Sidonia Pârvan, mtaalamu wa urembo wa ngozi mwenye leseni ya dola tangu mwaka 1994, amealikwa kwa heshima zote kwenye Maonyesho Makuu ya Urembo mjini Bukaresti, ambako jina lake litatajwa jukwaani mbele ya umma.

Hayo ndiyo Sidonia aliyowatangazia wateja wake wiki tatu mfululizo, wakiwa wamelala chali na maski ya udongo usoni, hawana njia ya kujibu. Ukweli ulikuwa mwembamba kidogo. Mwaliko wenyewe ulikuwa ujumbe wa simu: "Njoo kwenye maonyesho, kuna jambo nimekuandalia. Kwa upendo, Lara." Chini yake picha ya ua. Habari ya jina kutajwa haikuwemo. Hiyo ni chumvi iliyotiwa baadaye.

Lara huyo zamani aliitwa Lăcrămioara. Alifika saluni kwa Sidonia akiwa na miaka kumi na tisa na viatu vya kuazima, akakaa miaka minne. Saluni ni chumba kimoja cha ghorofa ya chini: kitanda kimoja, mashine moja ya mvuke, friji moja yenye kelele, na ukuta mmoja wa vyeti. Kila anayehudhuria maonyesho kama mtaalamu hurudi na cheti cha ushiriki chenye muhuri, na cheti hutiwa kwenye fremu na kutundikwa. Mteja wa mji mdogo kama Roșiori hamwulizi mtaalamu bei kabla ya kuhesabu vyeti. Sidonia alikuwa na ishirini na vitatu. Msumari wa ishirini na nne alikwisha kuugongelea kabla hata ya kununua tiketi ya treni, kama afanyavyo kila mwaka.

Lakini alichomfundisha Lăcrămioara hakikutoka kwenye maonyesho. Kilitoka jikoni. Mwaka ule wa leseni hakuwa na fedha ya mashine yoyote, basi akachukua vijiko viwili vizito vya supu vya marehemu mama yake, akavigandisha kwenye barafu ya chai ya maua ya tei, mti wenye harufu tamu, akaanza kuwasugulia wanawake nyuso kwa migongo ya vijiko. Kidevuni hadi sikioni, mzunguko mmoja mkubwa na mmoja mdogo, kisha mkupuo mwepesi chini ya sikio, kama mtu anayekung'uta maji. Siri yote iko kwenye mkono: kiganja juu. Kiganja kikielekea chini, uzito wa kijiko unaburuta ngozi. Kikielekea juu, ngozi inainuka yenyewe. Lăcrămioara anatumia mkono wa kushoto, na kila mara kiganja chake kiligeuka chini. Miaka minne Sidonia alimwambia neno hilohilo, asubuhi na jioni, mpaka wateja wakalijua: "Kiganja juu, Lăcrămioara."

Kisha Lăcrămioara akaenda Bukaresti. Miaka kumi na moja baadaye Sidonia alimwona kwenye simu, akiwa Lara, amevaa koti jeupe lenye jina lake kifuani, akionyesha "Njia ya Lara" kwa vijiti viwili vya chuma vinavyokaa kwenye sanduku la mahameli. Kidevuni hadi sikioni. Mzunguko mkubwa, mzunguko mdogo, mkupuo. Sidonia alitazama mara tisa. Hakukasirika. Alijisikia kama bibi anayeona pua yake kwenye uso wa mjukuu. Wala hakutaka fungu la mtu. Alitaka sentensi moja tu, isemwe hadharani na mtu mwenye kipaza sauti: haya nilifundishwa na Sidonia Pârvan wa Roșiori.

Fomu ya kujiandikisha maonyesho ilijazwa mtandaoni na binti yake, Smaranda, aliyekuwa bwenini kule Alexandria, si ile ya Misri bali mji wa jirani, kwa kuwa macho ya Sidonia hayapatani na visanduku vidogo vya simu. Ieleweke tangu mapema kwamba fomu hiyo ilijazwa kwa uangalifu mkubwa. Yaliyotokea baadaye yalikuwa kosa la kompyuta ya maonyesho, na kompyuta, kama ijulikanavyo, haina adabu wala mwalimu wa zamu.

Jumamosi ya maonyesho Sidonia alipanda treni ya asubuhi pamoja na Zamfira, fundi wa kucha za miguu wa mtaa wa pili. Zamfira hakuwa na haja ya kutajwa. Zamfira alikuwa na haja ya sampuli. Alibeba begi tupu la magurudumu, na ndani yake begi jingine tupu, na kwa vipakiti alivyokusanya Machi aliweza kupaka uso mpaka Agosti bila kununua kitu. Alikuwa na ramani yake kichwani: kahawa ya bure iko kwenye banda la mashine, biskuti ziko kwa watu wa nta, na kwa Wapolandi wa mafuta ya mikono unasuguliwa mpaka kwenye kiwiko ukijifanya unafikiria kununua.

Sidonia naye aliipenda siku hiyo, ingawa hakukiri kwa sauti. Mwaka mzima mtu anainamia nyuso za wenzake mpaka kiuno kinalia; siku moja tu unatoa leseni, na lango linafunguka. Unaitwa mtaalamu. Bei zinashuka kwa theluthi kwa sababu ya karatasi uliyoihangaikia ujanani. Unakalishwa, unaletewa kahawa, mtu mwingine anakushika mikono. Alipokuwa mdogo Smaranda aliwahi kuuliza kwa nini mama anarudi kutoka maonyesho akinukia watu kumi na wawili tofauti, na Sidonia alisema hiyo ndiyo harufu ya likizo.

Safari hii alivaa gauni la buluu ya usiku. Hakupaka poda. Wasemao mfinyanzi hulia gaeni hawakumjua Sidonia: uso wake ulikuwa kibao cha duka lake, na mwezi mzima aliutunza kwa vijiko kila asubuhi ili siku hiyo uende kama ulivyo, ushuhudie. Ndani ya treni, Zamfira anasimulia, midomo yake ilikuwa ikitembea bila sauti. Alikuwa akijifunza maneno ya shukrani. Treni ilipofika kituo cha Videle alikuwa ameyapunguza kutoka dakika tano hadi mbili.

Langoni msichana wa mapokezi alichapa jina, mashine ikatema beji. Chini ya jina, mahali pa kuandikwa MTAALAMU, palikuwa na maneno: MODELI – NGOZI ILIYOKOMAA.

Zamfira alishika nguzo ili asianguke kwa kicheko.

"Shukuru, shoga," alisema. "Wangeweza kuandika iliyopita muda wake."

Sidonia alichomoa leseni kutoka kwenye mfuko wake wa plastiki, ile yenye picha ya nywele za mwaka 1994, akaiweka mezani. Msichana aliitazama kwa heshima, kama watu wanavyotazama sarafu za kale. Alieleza kwa upole kwamba masahihisho yanafanyiwa ukumbi wa nne, kwamba foleni iko tangu saa mbili, na kwamba mama asisikitike, kwa sababu modeli huingia bure, hukaa mstari wa mbele mbele ya jukwaa la Njia ya Lara, na hupewa mfuko mkubwa.

"Mkubwa kiasi gani?" aliuliza Zamfira, na kicheko kikakoma hapohapo.

Onyesho la Lara lilikuwa linaanza baada ya dakika ishirini na tano. Sidonia alipiga hesabu ya foleni na ya miguu yake, kisha akaigeuza beji, upande wa tangazo la nta ukatazama watu. Beji ni karatasi tu, alimwambia Zamfira. Anayemjua hatasoma beji.

Mstari wa mbele ulifungiwa utepe. Kushoto kwake alikaa msichana mwenye chunusi, kulia mwanamke mwenye madoa ya ujauzito, na Sidonia akawasalimia wote wawili kwa huruma ya kitaalamu. Zamfira alisimama nyuma na mabegi. Ukumbi ulijaa makoti meupe, mamia, kila mmoja na simu juu.

Lara alitokea kwa muziki. Alikuwa amepungua, nywele zake zimenyooka kama maji ya bomba, na alizungumza vizuri, Sidonia alilazimika kukubali. Alisema Njia ya Lara haikuzaliwa kwenye maabara. Alisema ilizaliwa katika mikono ya wanawake wa kawaida, kwenye vyumba vidogo, miaka ya shida, wakati hapakuwa na mashine. Sidonia aliketi wima. Moyo ulimpiga hadi kwenye pete za masikio.

"Wanawake wa zamani," Lara alisema, "ambao majina yao hatuyajui."

Hapo msaidizi, kijana aliyevaa suruali fupi kuliko soksi zake, alisogea mbele na kadi mkononi, akasema kwenye kipaza sauti, kwa ukumbi mzima: "Tunamkaribisha jukwaani Sidonia Pârvan!"

Watu wakapiga makofi. Basi ndivyo alivyolipanga, Sidonia aliwaza. Majina hatuyajui, halafu ghafla, hili hapa moja. Mtoto mjanja. Aliinuka, akalainisha gauni nyuma, akapanda ngazi nne bila kushika ukingo. Alisimama mbele ya kipaza sauti na kufungua kinywa kwa lile neno la kwanza la shukrani, na kijana akamvisha utepe wa kuzuia nywele, akamalizia kusoma kadi:

"Modeli namba tatu, ngozi iliyokomaa. Tunaanza na namba tatu kwa sababu ndiyo kazi ngumu."

Alimshika mabega kwa adabu na kumkalisha kwenye kiti cha kulalia. Kiti kikarudi nyuma. Taa zilikuwa juu moja kwa moja.

Lara alikuwa akipangusa mikono. Alipogeuka na kuuona uso, tabasamu lake lilibaki lakini macho yakaondoka. Alifunika kwa kiganja kile kipaza sauti kidogo cha kwenye ukosi.

"Shangazi, unafanya nini hapa?" alinong'ona, kwa jina alilomwita miaka ile minne saluni.

"Umeniita."

"Nina dakika nane tu. Nakuomba, shangazi. Nakuomba."

Akaondoa kiganja. Sauti yake ikarudi ukumbini ikiwa nzima, tamu, kama haikuwahi kwenda popote. Maneno yaliyofuata alikuwa amekwisha kuyakariri, na mtu aliyekariri ni kama treni, haiachi reli kwa sababu imeona jamaa shambani. Aliwaomba wataalamu watazame kioo kikubwa cha video, ambako uso wa Sidonia ulikuwa na upana wa gari. Aliwaonyesha mkunjo wa kando ya mdomo. Aliwaonyesha chini ya kidevu. Alisema hii ni ngozi njema iliyokosa bahati, ngozi ambayo kwa miaka mingi haijawahi kuguswa na mkono wa mtaalamu.

Ungedhani Sidonia alisema kitu. Leseni ilikuwa kwenye mkoba, mkoba ulikuwa kwa Zamfira, na Zamfira alikuwa safu ya kumi na tano akijaribu kupenya na magurudumu. Mwenye kulala chali hana hoja. Sidonia alijua hilo kuliko mtu yeyote, alikuwa ameutumia ukweli huo kwa miaka thelathini. Aliwaza kwamba Lara ameomba dakika nane, mpe dakika nane, pengine sentensi iko mwishoni.

Vijiti vilimgusa kidevuni. Havikunukia tei, vilinukia spiriti. Mvuto wa kwanza ulikwenda hadi sikioni, na kiganja kilielekea chini.

Mkono wa Sidonia uliinuka wenyewe. Wanaomjua wanaapa kwamba haukumwuliza. Ulikamata kifundo cha mkono wa kushoto wa Lara na kukigeuza, kama mtu anavyofunga bomba linalovuja nyumbani kwake.

"Kiganja juu, Lăcrămioara."

Alisema polepole, kwa mazoea, lakini kipaza sauti cha ukosini kilikuwa karibu. Maneno yalizunguka ukumbi mzima. Watu walicheka. Si kicheko kibaya, ndicho kicheko wanachochekewa watoto wanaoimba kanisani wakikosea. Lara naye alicheka, sekunde moja baada yao.

"Mnaona?" aliwaambia. "Dakika mbili tu, na mteja tayari anafundisha."

Wakapiga makofi. Kuanzia hapo kiganja kilikaa juu mpaka mwisho, na lililo chungu zaidi ya yote ni kwamba kazi ilikuwa nzuri. Upande wa kushoto uliinuka. Shavu lilipata rangi, mkunjo ulilala, na kwenye kioo kikubwa palikuwa na wanawake wawili walioshonwa katikati ya pua, mmoja wa miaka hamsini na mmoja ambaye huenda alikuwa binamu yake mdogo. Kwenye maonyesho hawatengenezi uso mzima kamwe. Nusu ikibaki ilivyokuwa ndipo watu wanaona tofauti. Hiyo Sidonia aliijua pia. Alikuwa ametazama nusu nyingi kutoka kwenye viti, akila biskuti.

Sentensi ya mwisho ya Lara ilikuwa kwamba masanduku yanapatikana bandani, leo tu, kwa punguzo la asilimia thelathini, kwa wenye beji ya mtaalamu.

Bandani Sidonia hakuomba punguzo. Aliomba cheti cha ushiriki. Kijana wa soksi aligeuza beji yake, akasoma, akaeleza kwamba vyeti ni vya wataalamu, modeli hupata mfuko. Sidonia alitoa leseni. Kijana aliisoma yote, hata muhuri, akasema ni nzuri sana, lakini orodha ni orodha.

Zamfira alipasua watu kwa begi.

"Wewe kijana, unamjua huyu? Huyu ndiye aliyemfundisha huyo bibi yako wa jukwaani. Kwa vijiko vya supu."

"Mama yangu," alisema kijana, bila dharau yoyote, akiwa amechoka tu, "wote wanaofika hapa ndio waliomfundisha. Nyinyi ni wa nne tangu asubuhi."

Lara alitoka nyuma ya pazia, akamvuta Sidonia kando, penye maboksi matupu na sufuria ya umeme. Hapo hapakuwa na taa, na alionekana tena kama Lăcrămioara, mwenye kucha zilizotafunwa. Alitaka kujua kwa nini shangazi hakumpigia simu kwanza. Sidonia alimkumbusha ujumbe: kuna jambo nimekuandalia. Lara aliufikiria kidogo, kisha uso ukamshuka. Ujumbe ule ulitumwa na ofisi, kwa kila jina lililokuwa kwenye simu yake. Mia nne na kitu. Jambo lenyewe lilikuwa punguzo.

"Ungenitaja," Sidonia alisema. "Mara moja. Isingekugharimu."

"Wenye kampuni wanasema njia lazima iwe na jina moja, shangazi. Majina mawili hayaingii kwenye sanduku."

"Langu ni refu?"

"Si refu." Lara alitazama maboksi. "Ni la Roșiori."

Baada ya hapo alisukuma sanduku la mahameli mikononi mwake, la bure, akilifunika kwa mikono yote miwili kama anayempa mgonjwa dawa. Sidonia alilifungua. Alichukua kijiti kimoja, akakipima uzito kwenye kidole, akakirudisha.

"Chepesi mno," alisema. "Ndiyo maana kiganja kinageuka." Akamwachia sanduku.

"Lakini nimekutaja, shangazi," Lara alisema nyuma yake, na sauti yake ilikuwa ya kusihi. "Jina lako limesemwa. Wote wamelisikia."

"Ndiyo," alijibu Sidonia. "Namba tatu."

Katika treni ya alasiri Zamfira alipanga na kupangua mifuko yake hadi Videle. Mifuko ilikuwa mingi, pamoja na ule mkubwa wa modeli ambao Sidonia alimpa bila kuufungua. Mkaguzi wa tiketi alimtazama Sidonia upande wa kulia, kisha upande wa kushoto, kisha akatoboa tiketi. Zamfira alitoa mkate wake wenye nyama ya kukaanga, akaugawa.

"Ukitaka nitakumalizia huo wa pili," alisema hatimaye. "Ninacho kijiko cha mtindi."

Sidonia alicheka kidogo, na kwa kuwa alicheka, Zamfira akadhani yamekwisha.

Uso wa namna hiyo hukaa siku nne. Nyumbani kulikuwa na vijiko kwenye friji, na kulinganisha upande wa kulia na wa kushoto kungemchukua Sidonia dakika nane, akiwa amefumba macho. Hakufanya hivyo. Alitembea Roșiori siku nne akiwa na uso wa nusu mbili, akanunua maziwa, akapokea wateja, akingoja nusu ile ya Lara ishuke yenyewe.

Siku ya pili picha ya video ilikwisha kuwatangulia wote. Sekunde arobaini: mkono unainuka, kifundo kinageuzwa, kicheko. Aliyeiweka aliipa jina "Bibi amfundisha mwalimu". Jumanne mke wa mthibitishaji wa hati, mteja wa miaka kumi na saba, alikuja kwa ajili ya nyusi. Alihesabu vyeti, akaona msumari mtupu, akauliza kwa sauti laini kama ni kweli alikwenda maonyesho kufanywa modeli. Kisha akauliza, maana mkwe wake wa Bukaresti anaisifu mno, kama Sidonia anaijua hiyo Njia ya Lara.

"Hapana," Sidonia alisema. "Siijui."

Mteja alipoondoka, alitoa vijiko kwenye friji, akavisuuza, akavikausha kwa taulo la jikoni, na kuviweka kwenye droo pamoja na vingine vya supu. Msumari aliung'oa kwa koleo.

Jambo moja tu hakulimeza, nalo ni beji. Aliwaandikia waandaaji barua, kwa mkono, kurasa mbili, akilalamikia kompyuta yao. Aliandika kwamba mtaalamu mwenye leseni ya miaka thelathini hawezi kugeuzwa modeli na mashine, na kwamba anadai aliyekosea aseme amekosea. Ijumaa wakamjibu. Walieleza kwa heshima kwamba mashine huchapa kile inachoambiwa, na wakaambatisha nakala ya fomu. Ilijazwa Jumanne saa kumi na dakika ishirini alasiri. Kwenye aina ya mshiriki, alama iliwekwa kwa mkono wa mtu penye "modeli". Kwenye aina ya ngozi, "iliyokomaa". Na penye swali la kwa nini mwombaji anataka kuwa modeli, paliandikwa: "Kwa sababu uso wangu umelitumikia taifa vya kutosha na sasa unaomba kustaafu kwa heshima."

Mtindo huo wa uandishi unafahamika kwa walimu wote wa shule ya bweni ya Alexandria, na kwa mama mmoja wa Roșiori.

Jumapili ilikuwa supu ya kuku na tambi. Binti alikuwa amerudi nyumbani kwa wikiendi. Chini ya sahani yake palikuwa na karatasi iliyokunjwa, na kando ya sahani kijiko kizito, na kijiko hicho, hata baada ya kusuuzwa, kilikuwa bado kinanukia maua ya tei. Nakijua vizuri, kwa sababu kilikuwa mkononi mwangu.

Smaranda ni mimi. Kompyuta haikukosea.

Nilitaka kusema nilifanya hivyo kwa ajili ya mfuko mkubwa, ili mama apate zawadi na usingaji wa bure, na nilikwisha kufungua kinywa kusema hivyo mezani. Lakini wakati ule wa kujaza fomu mfuko nilikuwa siujui. Ilikuwa saa ya kujisomea, tulikuwa wasichana sita juu ya kitanda kimoja, na ilichekesha. Mama alisoma uso wangu, ndiyo kazi yake, akauliza jambo moja.

"Mlicheka?"

"Tulicheka."

"Sana?"

"Sana, mama."

Akaitikia kwa kichwa, akaniambia nile, inapoa. Baadaye, akiosha vyombo, alisema bila kugeuka kwamba kama ninajua kuandika kiasi hicho, basi niandike na hili, lote, na nisijifiche nyuma ya mashine. Nimejificha kurasa hizi zote, kama mlivyoona.

Lililobaki ni lile tangazo la mwanzo. Mama hakumtangazia mteja yeyote chochote. Tangazo nililitunga mimi, nikalisoma bwenini nikiwa nimesimama juu ya kitanda na taulo mabegani. Yeye alisema habari hiyo mara moja tu, kwangu, kwa simu, siku aliponiomba nimjazie fomu. Aliteremsha sauti kana kwamba chumbani kulikuwa na mtu amelala.

"Labda atanitaja," alisema.

Nikamwambia subiri kidogo, mama, mtandao unasumbua, nikafunika simu kwa kiganja, na kuwarudia wenzangu.